Mkate Usiomfikia Agwang

“Hata unune mpaka kesho, huendi,” Odeke alisema. Ariokot akaendelea kuponda ndizi kana kwamba mume wake anazungumza na kuku.

Ugomvi uliletwa na Badiru, jirani yao, aliyebeba pamba kwa lori baina ya Busia na Tororo. Tangu Agwang aolewe na Omaido kule Sop Sop, upande wa Tororo, Badiru ndiye aliyempelekea mikate ya mama yake: ndizi mbivu na unga wa muhogo, imefungwa kwa jani la mgomba, ikaokwa ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mwaka mzima Ariokot alikuwa akimuuliza kama wameipenda, na Badiru akijibu kwamba wameipenda sana. Ariokot hakuwahi kuuliza walioipenda ni akina nani.

Asubuhi hii Badiru alitoboa siri mwenyewe, bila kujua anachotoboa. Kila anacholetewa mke mgeni hupokewa na mama wa mume, akagawia wajukuu na wageni. Mara ya mwisho Agwang aliachiwa jani tupu. Alilinusa, akalikunja, akaondoka nalo.

Ariokot hakulia. Alishuka shambani kuchuma ndizi.

Sasa mkate ulikuwa motoni na Odeke hajachoka kubisha. Alimkumbusha kwamba mama wa binti hakanyagi boma la mkwe kabla mkwe hajaja kumwalika kwa mbuzi, na Omaido angekuja baada ya mavuno.

“Ulisema hivyo mavuno yaliyopita, baba Agwang.”

“Unataka watu waseme binti yangu aliolewa pamoja na mama yake?”

“Waseme. Wanakula mkate wangu, midomo yao ina nguvu.”

Harufu ya ndizi ilijaa jikoni. Hapo ndipo Agwang alipokuwa akichuchumaa utotoni, akipuliza vidole, akingoja ukoko wa pembeni. Hadi leo Ariokot aliuvunja ukoko ule na kuuweka kando kila alipooka, kisha akakumbuka kwamba Agwang hayupo, akaurudisha kwenye sahani.

Nje honi ikalia. Badiru alikuwa anarudi Tororo, lori tupu. Ariokot akatoka mlangoni, mikono imejaa unga.

“Badiru, wake wa Sop Sop wanateka maji wapi?”

“Kisimani, mama, kando ya barabara. Jioni wote wako pale.”

“Kisima cha akina Omaido?”

“Cha kila mtu.”

Akamgeukia mume wake. Kisima hakikuwa boma la mkwe, na hakuna aliyewahi kumkataza mwanamke kukaa kando ya barabara na sufuria yake.

Ariokot akakung'uta makaa, akaifunga sufuria kwa kanga mbili bila kuifunua, akapanda mbele kando ya dereva na kuipakata. Joto lilipenya hadi mapajani. Odeke alisogea kwenye dirisha la lori, akaangalia gurudumu badala ya kumtazama mkewe.

“Ukoko usiuvunje,” alisema. “Aukute mwenyewe.”

“Najua anavyokula mtoto wangu,” akajibu, lakini alimgusa mkono. Kisha akamwambia Badiru aondoe lori, mkate usije ukapoa.