Stata Iliyotaka Kuninyima Mkaza Mwana

Mimi nikikuambia naitunza pikapu yangu, amini. Ni kuukuu kuliko mtoto wangu wa kwanza, na mtoto mwenyewe ana ndevu. Oili naibadilisha mwenyewe kabla haijawa nyeusi. Ncha za betri zikiota ule unga wa kijani nazimwagia maji moto, kisha nazipaka grisi. Tangi la dizeli lilipoanza kuvuja nililiziba kwa kipande cha sabuni ya kufulia, na mpaka leo halijadondosha tone. Rebeccah, mke wangu, ameshasema siku akiugua atajilaza chini ya gari, ndipo nimwone.

Lakini ukarabati ninaoupenda hasa ni ule unaoonekana. Huo ndio ulioniponza.

Bonasi ya chai, yale malipo ya mwaka tunayopata wakulima, ilipotoka, Rebeccah alinituma mjini Kericho nikanunue stata, ile mota inayozungusha injini ukigeuza ufunguo. Yetu ilikuwa imechakaa. Leo inakubali, kesho inakataa. Nilikwenda kwa nia njema kabisa. Nikaingia dukani, na pale ukutani zikawa zimepangwa taa za spotilaiti zinazong'aa, na kando yake kava za viti zenye madoa ya chui. Nikasimama nikiwaza. Stata inakaa chini kule, imefunikwa na matope. Ukiweka mpya, nani atajua? Nikarudi nyumbani na taa nne juu ya paa, chui kwenye viti, na honi inayolia kama basi la Nairobi.

"Mama Kiplimo," nikamwambia, "gari sasa iko fiti kabisa."

Sikutaja stata, naye hakuuliza. Na angejuaje? Sisi wa Kiptere tunaishi kwenye vilima, na mtu mwenye mteremko hahitaji stata. Unaegesha pua ikitazama chini. Ukitaka kuondoka unakanyaga klachi, unaingiza gia ya pili, unaachilia breki. Gari likishapata mwendo unaachilia klachi, injini inaitikia, na wewe unapungia watu mkono kama waziri.

Nikaanza kuchagua maisha yangu kwa kufuata miteremko. Dukani nilinunua kwa yule tu mwenye kibarabara kinachoshuka, ingawa sukari yake ina mawe. Kanisani niliegesha juu kabisa barabarani, mbali na lango, hata mchungaji akanisifu mbele ya waumini kwamba nawaachia wazee nafasi karibu na mlango. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Johana, rafiki yangu tuliyetoka jandoni pamoja, amejenga mahali palipo sawa kama uwanja wa mpira, basi nikaacha kumtembelea. Akawaambia watu kwamba zile taa zimenipanda kichwani. Hakukosea sana.

Hayo yote ningeishi nayo. Kisha Kiplimo, mwanangu mwalimu, akatuletea Quinter.

Quinter ni nesi katika zahanati ya shamba moja la chai. Amezaliwa huku huku, baba yake Ogada akiwa mtu wa boila kiwandani, na Kikipsigis, lugha yetu, anakizungumza bila kujikwaa. Nilimpenda siku ya kwanza. Alishuka kwenye bodaboda, akaitazama pikapu, akasema, "Baba, hizi taa ni moto!" Katika boma langu lote hakuna mwingine aliyewahi kuzisifu.

Ogada alikuwa amestaafu na kurudi kwao. Ilibidi twende huko mimi na Rebeccah na kijana, tupeleke maziwa ya kibuyu, mbuzi na maneno mazuri, ili mama wa msichana atamke kwamba amekubali. Wajaluo wenyewe siku hiyo huiita ayie, yaani nimekubali.

"Kwa Ogada kukoje?" nikamuuliza Kiplimo, kama mtu anayeulizia habari za mvua.

"Kuzuri, Baba. Ni upande wa Ahero. Ni tambarare tu, mpunga mpaka macho yachoke."

Chai ilinipalia. Nikajiona nimevaa koti, nimeketi nyuma ya usukani chini ya taa zangu nne, na wakwe wamejipanga nyuma ya gari wakisukuma, mama wa watu amejifunga leso kiunoni. Siku ya kwanza kuonana! Mwili mzima ulinisisimka kwa aibu ambayo hata haijatokea.

Basi nikaanza kupiga chenga. Jumamosi ya kwanza nilisema mvua imeharibu barabara. Ya pili nikasema ng'ombe yuko karibu kuzaa, na yule ng'ombe alikuwa ndama wa juzi tu. Kiplimo akapendekeza tukodi gari. Nikamkaripia: "Niache gari yangu hapa nikodishe ya mtu? Watu watasema nini?" Ya tatu kulikuwa na mkutano wa wakulima ambao hakuna mkulima mwingine aliyeusikia.

Siku hiyo Kiplimo alinifuata nyuma ya nyumba, nikiwa nafuta vioo vya taa kwa gazeti. Rebeccah alikuwa pale akianua nguo.

"Baba, wacha kunizungusha," akasema. "Sema tu hutaki kwa sababu ni Wajaluo."

Neno moja tu lingetosha. Stata. Lakini Rebeccah alikuwa amegeuka, shati langu mkononi, akisubiri jibu, na zile taa zilikuwa zinanimulikia usoni. Nikaendelea kufuta vioo. Niliona afadhali mwanangu anidhanie mkabila kuliko mke wangu anijue mjinga. Ndivyo nilivyochagua, mimi mtu mzima na akili zangu.

Jioni ile Rebeccah akaniwekea chakula, akaenda kula kwingine. Siku chache baadaye Kiplimo akarudi kutoka kazini macho mekundu.

"Wameweka tenti mara tatu, Baba. Mara tatu wakaitoa. Quinter amesema hawezi kuolewa mahali babake anadharauliwa. Amesema tuachane."

Akakaa kwenye kigoda akafunika uso. Sikuwa nimemwona mwanangu akilia tangu akiwa mdogo. Ulimi ulifunguka wenyewe.

"Ni stata," nikasema.

Wakanitazama wote wawili, yeye na mama yake.

"Stata ya gari ni mbaya. Bonasi nilinunua taa. Kwa Ogada hakuna mteremko, gari haitawaka. Nilikuwa naogopa wakwe wasukume. Quinter nampenda. Hata watu wake sina shida na wao. Ni stata tu!"

"Miezi hii yote hiyo gari inawaka kila siku," Rebeccah akasema polepole, "leo ndiyo stata imekufa?"

"Baba," Kiplimo akasema, "si hata ungetafuta uongo mzuri kidogo?"

Nikawachukua wote wawili, nikawaingiza garini, nikaliachia gari lishuke mteremko wa kwetu hadi uwanja wa shule. Nikasimama katikati, mahali ambapo hata mpira haubingiriki wenyewe, nikazima. "Sasa oneni," nikasema, nikageuza ufunguo.

Ikawaka. Ikawaka mara moja, kwa sauti tamu ambayo sijaisikia tangu bonasi. Nikazima nikageuza tena. Ikawaka. Nikazima, nikaipiga dashibodi ngumi, nikageuza tena, na ile mashine isiyo na haya ikaitikia kabla sijamaliza kugeuza.

"Kumbe stata mpya uliweka," Rebeccah akasema.

"Sikuweka! Nakuapia mama watoto, pesa nilikula na taa!"

Sidhani kuna mume mwingine katika kaunti hii aliyewahi kumbembeleza mkewe aamini kwamba amemdanganya, akakataliwa. Kiplimo alifungua mlango, akashuka, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu.

Nikamwita kupitia dirishani. "Mwambie Ogada tunakuja Jumamosi!"

Hakugeuka. "Jumamosi ng'ombe gani atakuwa anazaa?"

"Hakuna ng'ombe!" nikapiga kelele. "Hakuna mvua, hakuna mkutano! Jumamosi nakuja hata nikisukumwa na kanisa lote!"

Quinter alikubali kwa shingo upande, kwa sababu babake alisema mgeni hafungiwi mlango. Jumamosi tukashuka kupitia Sondu, mbuzi nyuma, kibuyu mapajani mwa Rebeccah, na hakuna aliyeongea ila mbuzi. Tulipoingia kwa Ogada nilitupa macho huku na huku. Boma lilikuwa limelala sawa kama meza. Upande mmoja tu palikuwa na tuta la mfereji wa maji ya mpunga, limeinuka kidogo, na mikono yangu ikaanza kukata kona kwenda huko yenyewe. Nikajizuia. Nikasimama katikati ya uwanja, mbele ya mlango wa mwenye nyumba, nikazima injini.

Walitupokea vizuri, kwa adabu inayokaa mbali. Tukala samaki na wali wao. Kisha Ogada, mtu mkubwa mwenye sauti ya chini, akanawa mikono, akanigeukia.

"Mzee Kiptanui, mimi nimekaa kwenu juu muda mrefu. Watu wako nawajua, wamenizikia hata mtoto. Ndio maana niliumia niliposikia hututaki. Nataka kusikia kwa mdomo wako."

Nikamjibu. "Ilikuwa ni stata, bwana Ogada."

Alitazama nje, kwenye pikapu na taa zake. "Stata," akasema, kama mtu anayerudia jina la dawa asiyoijua. "Sawa."

Quinter aliinuka akakusanya sahani bila kunitazama. Mama yake akaniongezea samaki kwa ule upole anaotendewa mtu anayedanganya mezani pako. Rebeccah alipouliza kwa unyenyekevu kama tumekubaliwa, yule mama alijibu, "Tutaongea, mama. Siku ni nyingi." Nilimwona Kiplimo akiinamisha kichwa. Hapo nilijua nimemharibia mwanangu maisha kwa sababu ya taa nne.

Wakatusindikiza hadi garini. Nikaketi. Nimeomba mambo mengi katika maisha yangu, mvua, majani mazuri, watoto wapite mitihani, lakini sijawahi kuomba kwa moyo kama nilivyoomba pale. Nikageuza ufunguo.

Tik.

Nikageuza tena. Tik.

"Imekataa!" nikapiga kelele, kichwa nje ya dirisha. "Bwana Ogada, njoo! Imekataa kabisa!"

Akaja, akainamisha sikio karibu na boneti. "Jaribu tena."

Tik.

Cheko lilianzia tumboni mwake likapanda polepole hadi mabega yakaanza kucheza. Akamwita mkewe kwa Kijaluo, mkewe akaja, nikageuza tena ili naye asikie. Akapiga makofi. "Woi! Kumbe kweli ni stata!"

Rebeccah alishuka. Alizitazama taa za spotilaiti moja baada ya nyingine, zote nne. "Baba Kiplimo," akasema, "sisi tutaongea nyumbani." Kisha akazunguka nyuma.

Wakaja wote. Mama Quinter akajifunga leso kiunoni, sawasawa na nilivyokuwa nimeogopa. Quinter alivua viatu vyake vizuri, akavirusha ndani kwenye kiti cha chui, akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Baba, ungesema tu," akasema, machozi na kicheko vikimchanganyikia, akakimbilia nyuma.

Nikakanyaga klachi, nikaingiza gia ya pili. Gari likaanza kusogea. Tukapita lango, tukaingia kwenye barabara ya mpunga iliyonyooka bila mteremko hata wa kusingizia.

"Mimi nimekubali!" Mama Quinter alikuwa akipaza sauti huku akihema. "Nimekubali! Lakini harusi mje na gari ingine!"

Niliwatazama kwenye kioo. Wote walikuwa wameinama pamoja, bega la Kiplimo limebanwa na bega la Ogada, Rebeccah na mama Quinter wakicheka hadi wanashindwa kusukuma. Kioo kikaanza kuwa na ukungu, nikakipangusa kwa kiganja, kumbe ukungu uko machoni mwangu.

"Baba!" Kiplimo aliita, pumzi zikimwishia. "Baba, achilia klachi!"

Nilimsikia vizuri sana. Niliwaacha wasukume kidogo tena.