Kichwa Baraka, Mguu Kambini

Tik. Kimya. Tik, tik.

Munira aliisikia sauti ile kabla ya adhana, chumba kingali giza, mtoto wake Husna amelala akiwa amemkandamiza goti mgongoni. Alifikiri ni panya anatafuna sabuni. Panya wa nyumba ile walikula sabuni, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo. Akawasha taa ya simu. Juu ya kasha la mbao, pale alipokuwa ameweka kichwa cha mashini ya kushona, sindano ilikuwa inapanda na kushuka yenyewe.

Chini ya kichwa kile hapakuwa na meza, wala pedali, wala mkanda. Munira alichukua shati dogo lililokuwa karibu, akaingiza mkono mmoja wa shati hilo chini ya sindano, akaanza kulisukuma. Mshono ulikuwa umenyooka. Alipofika mwisho alimpigia simu Jocelyne.

"Jocelyne, uko unafanya nini na mguu ya mashini?"

"Niko natia mafuta ku pedali, Mama Husna. Ilianza kukamata kutu. Nimekuamusha?"

"Hapana. Usiache kwanza. Niko na mukono mwingine hapa wa shati."

"Haya," akasema Jocelyne, akaendelea kukanyaga.

Jocelyne alikuwa Mrundi, akiishi na mtoto wake mchanga katika kambi ya wakimbizi iliyo kando ya barabara ya Mboko. Kutoka kwake hadi Baraka, mji wa Munira, hata mwenye pikipiki alifika amechoka, na katikati palikuwa na bariyeri: mwanzi mmoja uliolazwa juu ya mitungi miwili, na wanaume waliokaa hapo kuuliza kila apitaye amebeba nini. Yeye na Munira walijifunza kushona pamoja, wakati kulikuwa na mradi, na mradi ulikuwa na gari la kumleta Jocelyne kila asubuhi. Mwishoni mradi uliwapa zawadi, mashini moja kwa bamama wawili. Kijana wa mradi alitaka kila mmoja apigwe picha na mashini nyumbani kwake, siku ile ile, kabla gari halijarudi Uvira. Basi waliifungua. Munira alipigwa picha na kichwa, Jocelyne na meza na pedali. Picha zilitoka vizuri. Kisha mradi ukaisha, gari nalo likaisha, na hakuna aliyeweza kuiunganisha tena, maana pale bariyeri meza ya chuma inatozwa kuliko mtu.

Kabla ya kuondoka, mradi uliwaweka wote wawili kwenye staji, mafunzo ya kazini, kwa patron Haruna, mwenye atelie ya kushona karibu na soko. Staji ilikuwa ya miezi mitatu. Huu ulikuwa mwaka wa pili wa ile miezi mitatu. Jocelyne hakuweza kufika bila gari, lakini Patron hakumfukuza. Alisema naye yuko kwenye staji, ila ni staji ya kutofika. Patron alikuwa mtu mpole, hakupiga kelele kwa mtu. Alisema mwanafunzi halipwi, mwanafunzi anatiwa moyo, na kila mwisho wa mwezi aliwatia moyo kwa kipande cha sabuni. Watoto wa wanafunzi wake walijulikana mjini kwa usafi.

Kassimu, mume wa Munira, naye alikuwa anajifunza injini kwenye mtumbwi wa tajiri mmoja. Alikuwa anajifunza tangu kabla Husna hajaota meno, na yeye alitiwa moyo kwa dagaa. Kwa hiyo nyumba yao ilikosa tu vile vitu ambavyo si sabuni wala dagaa.

Kimojawapo kilikuwa sare ya Husna. Mwaka uliopita mtoto alifika hadi mlango wa shule, mwalimu akalitazama gauni lake la maua, akamwambia kwa upole arudi akiwa na shati jeupe. Husna alirudi nyumbani, akakaa mwaka mzima.

Halafu mwezi wa nane Patron akapata kazi ya mashati ya shule, mafurushi mazima ya vitambaa vyeupe vilivyokatwa tayari. Mafundi wake walikuwa na nguo za harusi za kushona, hawakutaka kazi ya kola ndogondogo. Patron aliwaita wanafunzi.

"Mwenye ataniletea mashati yote mbele ya masomo kufunguliwa," alisema, "huyo ametoka ku staji. Ni fundi. Nitamulipa kwa kila shati, kama muntu."

"Kama muntu?" Munira aliuliza.

"Kama muntu."

Wanafunzi wengine walitazama chini. Mashini za atelie hazikuruhusiwa kwao isipokuwa kuzifuta vumbi. Munira alibeba furushi kichwani akaenda nalo nyumbani, ingawa siku ile alikuwa na kichwa tu cha mashini, na hakujua atakishonesha kwa kitu gani. Kesho yake, kabla ya adhana, Jocelyne alitia mafuta kwenye pedali.

Walipatana haraka. Munira akipiga bipu, Jocelyne anaanza kukanyaga. Bipu nyingine, anasimama. Kule kambini mkanda wa ngozi ulizunguka gurudumu la chini, ukapanda juu, ukasimama wima katika hewa, umekazwa, kama kuna mtu ameushika. Mtoto wa Jocelyne alizoea kulala chini ya meza kwa mtikisiko ule. Huku Baraka kola zilikuwa zinatoka moja baada ya nyingine, na Husna anazikunja.

Jirani yao, Mama Arlette, alikuja asubuhi moja kuomba moto. Alisimama mlangoni, akatazama kasha, sindano na mikono ya Munira.

"Mashini yako haina miguu."

"Miguu iko kambini."

"Ah." Akachukua kaa lake. "Basi umuambie akanyage polepole. Mutoto wangu iko analala."

Munira alijifunza kumsoma mwenzake kwenye uzi. Jocelyne akiwa na njaa, mishono ilikuwa mifupi na ya kubanana. Akikumbuka kwao, shamba lao la migomba, mishono ilirefuka, na Munira alilazimika kuifumua na kungoja hadi kumbukumbu ipite. Siku moja sindano ilikuwa ya moto hata akaungua kidole. Akapiga bipu ya kusimama, kisha akapiga simu yenyewe.

"Mutoto iko na homa?"

"Umejuaje?"

"Sindano."

"Ah. Ilianza jana jioni. Wamenipa dawa, lakini anakataa kushuka mugongoni."

"Pumuzika, dada."

"Nitapumuzika na nini? Bado mashati. Akiwa mugongoni na mi nikikanyaga, analala. Piga bipu."

Munira akapiga bipu. Siku ile alishona akiwa amefunga kidole kwa kitambaa kibichi, na kola zote zilitoka na joto ndani yake. Hata usiku zilipokunjwa na kuwekwa pamoja, Husna aliegemeza mgongo kwenye rundo lile kwa kuwa kulikuwa na baridi ya ziwa.

Njiani nako mambo yaliendelea. Kila alfajiri mguu wa Jocelyne ulipokuwa unapita kwenda Baraka, wale wanaume wa bariyeri waliusikia, tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa bati. Mwanzoni waliinua mwanzi kwa mazoea. Baadaye walikaa wakazungumza juu yake. Mmoja alisema mguu bila mtu hauna mfuko. Mwingine akasema mguu una mwenyewe, na mwenyewe siku moja atapita. Wakakubaliana kungoja.

Mwenyewe alipita siku ya kupeleka mashati. Jocelyne alitaka kuwapo Patron atakapotamka neno fundi. Alisema neno kama lile halifai kusikiwa kwa simu. Aliomba karatasi ya kutoka kambini, akapewa ya siku moja. Akamfunga mtoto mgongoni, akachukua maharagwe ya kumpelekea Munira, akapanda pikipiki kwa deni la mdomo.

"Ni wewe mwenye mguu?" wakamuuliza pale bariyeri.

"Ni mimi."

"Mguu yako inapitaka hapa kila asubui bila kusalimia."

"Inasalimiaka. Ni nyinyi hamuitikii."

Walicheka sana, wakapigana mabega. Kisha wakachukua maharagwe yote, kwa ajili ya mguu.

Munira na Jocelyne walikuwa hawajaonana tangu siku ya picha. Walisalimiana mlangoni. Munira aliinama kwanza akautazama mguu wa kulia wa mwenzake, uliokuwa umevimba hadi kwenye kifundo. Jocelyne alivishika vidole vya Munira kimoja kimoja, akakifikia kile cha kuungua, akakipuliza. Halafu kila mmoja alibeba furushi lake, Husna akabeba la vipande vilivyobaki, wakaenda sokoni.

Patron Haruna aliyapokea mashati nje ya atelie, kwenye mwanga. Alivuta kola. Aligeuza mikono ndani nje. Alilinyoosha moja juu, akalitazama jua kupitia kitambaa chake. Shati moja lilikuwa bado na joto, akaliweka shavuni, akaliweka chini.

"Hii ni kazi ya fundi," alisema kwa sauti, na wateja wawili wakageuka. "Nani alishona?"

"Sisi babili," akasema Munira.

"Mi nauliza nani."

"Mi mikono, Jocelyne mguu. Kichwa ya mashini iko kwangu, pedali iko kambini."

Patron alikaa kwenye kigoda chake akafikiri. Hakuona ajabu yoyote katika habari ile isipokuwa ugumu wa hesabu yake.

"Munira, mudogo wangu. We unajua kukanyaga?"

"Najua. Tulijifunza wote."

"Lakini hukukanyaga. Na wewe mama, unajua kuongoza kitambaa?"

"Najua, Patron."

"Lakini hukuongoza. Basi hapa niko na nusu ya fundi, na pale niko na nusu ya fundi." Alionyesha kwa kiganja, taratibu, kama mwalimu. "Nilisema nitalipa kama muntu. Muntu ni mumoja. Nikimulipa huyu, nitamuonea yule. Mi siwezi kuonea muntu."

"Utulipe sisi babili nusu-nusu," akasema Jocelyne.

"Nusu ya fundi si fundi, mama. Nusu ya fundi ni mwanafunzi."

Wateja wawili walitikisa vichwa kukubali. Hesabu ilikuwa imekaa vizuri. Munira alisema mashati yameisha, yote, kabla ya masomo. Alisema hivyo mara moja, kisha akasema tena. Patron alikubali kwamba yameisha, akawapongeza. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha sabuni. Alivuta uzi kutoka kwenye mashini ya fundi mmoja, akauzungusha kwenye sabuni, akakaza. Sabuni ilikatika katikati bila kubomoka. Akampa kila mmoja nusu, kwa mikono miwili, kwa heshima. Mwisho alimwomba Husna lile furushi la vipande vilivyobaki. Husna alilitoa.

Jocelyne alirudi kambini kabla karatasi yake haijaisha. Bariyeri walichukua nusu ya sabuni yake, kwa ajili ya mwili.

Juma lile Patron alifikiri zaidi. Aliwaita wanafunzi wote na mafundi pia, akaleta bisibisi, akafungua mashini za atelie moja moja. Vichwa alivigawa mjini. Meza na pedali alizipeleka kambini kwa lori la mtu, na bariyeri hawakumsumbua, kwa sababu alisalimiana nao kwa majina. Chumba cha atelie alikipangisha kwa muuza simu. Mafundi waliambiwa kwamba kuanzia sasa nao ni nusu, kwa hiyo wamerudi kwenye staji, na kwamba staji ni ya miezi mitatu. Alfajiri za Baraka zilijaa sauti. Ukipita kati ya nyumba ulisikia tik, tik, tik kila ukuta, na bipu za simu, na kule barabarani wanaume wa bariyeri waliuacha mwanzi juu hadi jua litoke, maana miguu ilikuwa mingi.

Masomo yakafunguliwa. Asubuhi hiyo watoto walipita mbele ya nyumba ya Munira, kaka na dada zao wakiwashika mikono, wote kwenye mashati meupe. Munira alizitambua kola zake. Aliijua hata ile ya siku ya homa, kwa sababu mvulana aliyeivaa alikuwa anajifuta jasho shingoni, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Husna alikuwa amekaa kizingitini, miguu pamoja, kwenye gauni lake la maua lililoanza kuwa fupi.

Simu ililia mara moja ikanyamaza. Ni Jocelyne, akisema yuko tayari; siku hizi hata yeye alipiga bipu. Munira alisema moyoni, naja, dada, ngoja kidogo, na sindano juu ya kasha ikatikisika mara moja kama inayosikia. Alichota maji kwenye beseni, akachukua ile nusu ya sabuni, akaja kupiga magoti mbele ya mtoto kama kila asubuhi.

Husna aliwatazama watoto hadi wa mwisho alipokata kona. Kisha akanyoosha mikono yake miwili, akaigeuza, viganja juu, halafu viganja chini.

"Mama," akasema, "mi niko musafi tayari."