Walburga Akataa Kuvuka

Siku tatu mfululizo upepo wa kusini ulikuwa umevuma, na Walburga hakupenda namna theluji ilivyoitikia chini ya skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea. Ilitoa mlio mzito, wa chini kwa chini. Nyuma yake walipanda wageni wanne kutoka Vienna, na mwisho kabisa kaka yake Kassian, mkuu wa waongozaji wa wageni milimani katika bonde lile, aliyekuja makusudi kumchunga.

Jana yake Walburga aliwarudisha wageni hao hao kabla ya kuugusa mteremko mkubwa, akihofia theluji ingewaporomokea. Kassian akachukua kikundi kingine, akapita njia ile ile, wakarudi wazima. Kwenye baa ya kijiji wakamcheka Walburga mpaka machozi yakawatoka.

"Burgi, dada yangu, siku hizi unaogopa hata unga wa ngano!" alisema Kassian.

"Mmebahatika tu," alijibu. "Msijisifu."

Leo Kassian alikuwa ameshamwambia wazi: awavushe, au msimu ujao aende kuosha sufuria hotelini.

Walipofika ukingoni mwa mteremko ule Walburga alivua mkoba, akatoa koleo, akaanza kuchimba.

"Tena?" alilalamika Bwana Ottokar, mkubwa wa wageni hao. "Mama, tumekuja kuteleza, si kuchimba kisima."

"Subiri, bwana."

Alichimba mpaka kiunoni, akakata nguzo ya theluji, akalaza koleo juu yake na kuigonga polepole kwa ncha za vidole. Mara moja. Mbili. Tatu. Ya nne, sehemu ya juu iliteleza nzima nzima, ikamwangukia magotini. Chini yake palikuwa na punje kavu, zisizoshikana, kama sukari. Aliziteka kiganjani akamnyooshea kaka yake.

"Theluji yote iliyorundikwa na upepo imekaa juu ya hii. Hatuvuki."

"Jana ilikuwa hivyo hivyo, na tulivuka!"

"Jana hukuchimba. Umejuaje?"

Bwana Ottokar alicheka. Kassian hakucheka, shingo ilimwiva nyekundu. Akamzunguka dada yake na kusukuma skii mbele ili aonyeshe njia. Walburga akamwekea fimbo yake ya kutelezea kifuani.

"Kassian, usiniaibishe kwa kufa mbele ya wageni."

"Toa fimbo."

Aliisukuma kando, akapiga hatua mbili. Theluji ikashusha pumzi: *vuuump*. Ufa ukafunguka kutoka kwenye ncha ya skii yake, ukakimbia kuvuka mteremko mzima hadi kwenye miamba. Ukasimama hapo. Hakuna kilichoporomoka.

Kassian aliganda, mguu mmoja mbele.

"Rudi kinyumenyume," Walburga alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye alama zako. Taratibu, kaka."

Alirudi. Mdomo ulikuwa mweupe.

"Haikuanguka," alisema mwishowe.

"Basi ibaki hapo."

Aliwashusha wote kupitia msitu wa misonobari, ambako hakuna raha kubwa ya kuteleza, na Bwana Ottokar alinung'unika njia nzima.

Alasiri baa ilijaa. Walburga aliingia wakati Kassian akiwasimulia waongozaji wenzake, glasi mkononi: "Nilipoona ule ufa, nikaamua tugeuke."

Walburga hakukaa. Alivua glavu, akaziweka mezani mbele ya kaka yake.

"Hukuamua. Ulikuwa unaenda. Niliyekataa ni mimi, jana na leo. Na kesho ikiwa hivi, nitakataa mbele ya wageni, mbele yako na mbele ya padri akitaka kuja. Sufuria zenu nitaosha, lakini watu wangu siwavushi pale."

Waliomcheka jana waliangalia bia zao. Kassian aligeuza glasi mara mbili tatu juu ya meza.

"Alikataa yeye," alisema hatimaye. "Mimi nilikuwa nishaingia mteremkoni."

Walburga akavuta kiti, akamwita mhudumu amletee supu ya madonge ya unga, tena ya moto.