Kunguru wa Koti la Njano

"Usinieleze habari za akili ya kunguru," fundi cherehani wa chumba cha chini alikuwa akimwambia binti wa chumba cha juu. "Nieleze utumbo huu umefikaje kwenye gauni la bibi harusi."

Nilifungua mlango. Ugomvi ukiwa kwenye ngazi zangu siwezi kujifanya sisikii, na watu wa kwangu wote walishanitangulia kuchungulia. Fundi ndiyo kwanza katoka dukani mbio, mvua inamchuruzika, kalishika gauni jeupe kwa ncha za vidole. Kwenye mkunjo wa kiuno palikuwa na utumbo wa samaki uliogeuka kijani, na funza wawili wakijipindapinda juu ya lesi. Nikaziba pua. Bibi harusi mwenyewe analifuata kesho asubuhi.

Yule binti, tuliyemwita Profesa kwa kumtania, ni mwanafunzi wa chuo. Anachunguza jinsi kunguru wanavyoitana na kama wanamtambua mtu. Wiki tatu alikuwa akipanda paani alfajiri na ndoo ya matumbo kutoka kwa wauza samaki, anawalisha, anarekodi sauti zao kwa simu. Uvundo tuliuvumilia, elimu haina mwisho, tulisema.

Fundi akaapa kwamba kunguru wamemwandama yeye tu. Akitoka tu, mmoja analia, wenzake wanakuja, wanamfuata hadi dukani na kuficha uozo wao kwenye majora ya vitambaa. Wateja wameanza kunong'ona uchawi.

Profesa akalitazama koti la mvua la njano alilovaa fundi.

"Mama, nisamehe. Hilo koti nalichukua pale kwenye msumari wa ngazini nikienda kuwalisha, narudisha kabla hujaamka. Ni la plastiki, damu inafutika."

Fundi aliitazama mikono ya lile koti kama mtu aliyegundua amevaa sanda ya mwenzake. Wiki tatu anajifunika nalo kichwa, anajifutia nalo mdomo. Akalivua, akalitupa chini, akatema mate.

Na yule binti, Mungu amsamehe, akatabasamu. Akatoa daftari. Kumbe wanakumbuka nguo kuliko sura, akasema, kisha akamuuliza fundi ni wangapi walimfuata na walilia mara ngapi.

Nimewahi kukuta panya kaoza chini ya kabati langu. Hakunitia kinyaa kama lile tabasamu.

"Jina la mtu linaoza mbele yako," nikamwambia, "wewe unahesabu vilio vya ndege?"

Nikaongeza na mengine nisiyoweza kuyaandika. Tabasamu likamwisha.

Hakuna aliyemwamuru. Alilichukua gauni, akachuchumaa bombani uani, akaanza kutoa funza kwa kucha. Alitapika mara mbili, akasukutua, akarudi. Kunguru wakajaa paani, wakadai chakula kwa makelele, hakuinua kichwa. Kufika saa nane lilibaki waa la upana wa kidole. Fundi akalikagua, mwishowe akasema hapo atapafunika kwa ua la lesi, ila ndoo ile isipande ngazi hizi tena. Binti akaitikia kwamba atahamia jalalani, na koti atanunua lake.

Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji, bado inanuka. Mimi chakula kilikuwa kimeiva, nyumba imejaa, na hamu ya kula imeniisha tangu asubuhi.

"Nawa mpaka viwikoni, hiyo sabuni yote iishe," nikamwambia. "Kisha ingia ndani tule. Fundi, na wewe njoo."