K ya Kulia

Kwenye ujia wa ghorofa ya juu, vyumba viwili vilitazamana mlango kwa mlango, na ndani ya kila kimoja, karibu na sakafu, palikuwa na soketi ya mtandao yenye lebo ileile: J-K-3. J ni juu. Tatu ni chumba cha tatu. K ni kulia. Na upande wa pili wa ujia, K ni kushoto.

Chancelle ndiye aliyezibandika lebo hizo, miaka ile kampuni ya mizigo ilipohamia katika jengo hili kuukuu karibu na bandari ya Kalemie. Mkurugenzi, Papa Bonaventure, alimwagiza aandike kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe, naye akaandika kwa furaha, soketi baada ya soketi, bila kugutuka kwamba lugha yake imezipa pande zote mbili herufi moja. Alipogutuka, kazi ilikuwa imekwisha. Hata angekimbilia kuume badala ya kulia, bado angeangukia K. Alicheka peke yake, akasema atarekebisha kesho.

Kesho hiyo haikufika, na si kwa uvivu. Aligundua kwamba mtandao ukikatika, hakuna wa kuufufua ila yeye. Ndani ya kichumba cha nyaya kisicho na dirisha, ambacho kila mtu alikiita kabati la Chancelle, nyaya za vyumba vya kulia na vya kushoto zilifika kwenye paneli zikiwa na majina yaleyale. Yeye pekee alizitambua, kama mama anavyowatambua pacha wake. Wenzake walipunguzwa kazini, yeye akabaki, maana nani angethubutu kumgusa? Alikuwa amejijengea ukuta wa kumlinda, akasahau kuuwekea mlango.

Na sasa alitaka kutoka. Binti yake, Bijou, alikuwa akilelewa na bibi yake, Koko, kule Kirungu, milimani, na mwaka huu alikuwa ameanza shule. Bohari ya kampuni huko Kirungu ilihitaji mtu, na mkuu wake alikuwa radhi kumpokea Chancelle, mradi tu afike na boti ya Jumamosi ya Moba, bandari ya karibu na Kirungu. Asipofika, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Kilichobaki ni ruhusa ya Papa Bonaventure, na asubuhi hiyo aliiomba tena.

"Mama Bijou," mkurugenzi alimjibu kwa upole, kwa Kiswahili cha Kalemie, ambamo "ndiyo" ni "njo", "nikikuachilia, nani atatuonyesha K gani njo ya nani? Wewe njo unajua hii nyumba. Baki. Mutoto atakuja kukuona likizo."

"Likizo iliyopita hakukuja, Papa. Boti ilijaa."

"Basi ile itakayokuja."

Alirudi kabatini, akaketi juu ya katoni ya nyaya, akashika tama. Kuta za kichumba zilimbana hata akaona pumzi yake mwenyewe inamrudia usoni. Simu ikalia. Kwanza alidhani ni mtu anayelalamikia mtandao, kama ilivyokuwa kila siku, kumbe ni Bijou.

"Mama, mwalimu ametufundisha mikono. Huu njo wa kulia. Koko anasema njo wa kulia bugali."

"Koko anasema kweli."

"Sasa wa kushoto njo wa kufanya nini?"

"Wa kukushika wewe," akasema.

"Basi uulete," alisema mtoto, na simu ikakatika.

Hakukaa tena. Aliichukua mashine ndogo ya kuchapia lebo, akapanda juu, akapiga magoti mbele ya soketi ya kwanza. Denise wa mapokezi alimkuta anabandua lebo kwa kucha, rangi ya ukuta ikitoka nayo.

"Unafanya nini?"

"Naandika upya. L njo kulia, S njo kushoto."

Denise akashusha sauti. "Uko na akili kweli? Ukiwaonyesha yote, Papa Bonaventure atasema, huyu wa nini tena? Kazi itakwisha huku, na Kirungu hautafika."

"Najua."

Alijua, na aliogopa. Hata hivyo aliendelea, chumba kwa chumba, kisha akashuka kwenye paneli, akaandikia kila tundu jina lake. Kila lebo mpya aliyoibandika ilimfanya mtu wa kawaida zaidi.

Mchana umeme ulikatika, ukarudi, na kama kawaida yake chumba kimoja kikabaki bila mtandao. Safari hii kilikuwa cha mkurugenzi mwenyewe.

"Chancelle!"

Chancelle alikuwa amesimama penye ngazi, mikono yote miwili imeshika chuma chake. "Papa, ingia mwenyewe kabatini. Tafuta J-S-3. Chomoa waya, uuchomeke tena."

Mkurugenzi akashuka. Kisha mlango wa kabati ukalia. Chancelle alisubiri, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alitamani mzee yule akosee. Hakukosea. Alitoka na vumbi kwenye mkono wa shati, anatabasamu.

"Kumbe njo hivi tu?"

"Njo hivi tu, Papa."

Tabasamu likafifia polepole. Alimtazama Chancelle, akalitazama kabati, akamtazama tena. Sasa anaweza kunifukuza, Chancelle aliwaza, na nimempa kisu mwenyewe.

"Kirungu kuko prizi ngapi?"

"Soketi mbili, Papa."

"Mbili," alirudia. Akapanda, akaingia ofisini bila kufunga mlango, na sauti yake ikasikika simuni: "Allô, Kirungu? Muntu wenu anakuja na boti ya Jumamosi. Ndiyo, huyo. Hapana, hapana, huku tutajipanga."

Tutajipanga. Hakumsihi abaki, hakuuliza hata mara moja. Ruhusa aliyoililia mwaka mzima ilikuwa imetoka kwa urahisi namna ile, nayo ilimchoma. Aliingia kabatini kuchukua mkoba wake. Simu ilikuwa kimya, hakuna aliyemhitaji. Akampigia Bijou, lakini mtoto alipopokea, sauti ikagoma kumtoka.

"Mama? Mbona hausemi? Unalia?"

Kwenye kidole gumba chake cha kushoto ilikuwa imenata lebo moja ya zamani, imekunjamana, herufi yake moja tu bado inasomeka.

"Mkono unakuja, mama," alisema. "Ule wa kushoto."