Watu wa Italia Wanatembea Polepole

Nikutegee kimoja kabla hujakaa vizuri. Nina dirisha sebuleni lisilopitisha upepo wala vumbi. Kila jioni miji ya watu hupita hapo, na hakuna mpita njia hata mmoja anayenipa salamu. Ni nini? Fikiri. Usimwangalie mwenzako usoni, jibu haliko huko. Umeshindwa? Basi nipe mji. Huo wa jirani siutaki, nimeshauchoka. Nipe Roma. Haya: nilikwenda Roma, nikazunguka mpaka miguu ikaniuma, na kitini sikunyanyuka, maana dirisha langu ni televisheni.

Kitendawili hicho alikitunga mama mmoja, mtu mzima mwenye maneno yake. Aliishi na mke wa mwanawe, wawili tu, katika nyumba iliyo nyuma ya kiwanda cha magodoro. Mke huyo alifanya kazi katika kituo kidogo cha televisheni, kazi ya kukata picha na kuziunga, na kwa sababu hiyo wenzake walimwita Mkasi. Jina likamganda. Hata muuza duka alimwita hivyo.

Mume wa Mkasi alikuwa mpiga picha wa kituo hicho hicho. Yeye akipiga, mke anakata. Chumba cha kuhariria kilikuwa chembamba kama ujia, hakina dirisha, kina viti viwili na feni moja, na karibu ndoa yao yote waliipitisha humo bega kwa bega, wakigombania ile feni. Mtoto hawakujaliwa.

Kisha kampuni moja ya safari ikaja na shauri lake: igharimie kipindi cha kuwaonyesha watu namna ya kutembea Italia, treni ipi wapande, walale wapi, waingie mjini wakati gani wasikute msongamano. Mume akatumwa na kamera yake, akae huko msimu mzima. Kila wiki alituma picha kwa mtandao. Mkasi akazikata, akaandika maneno, na mtangazaji mwenye sauti nzito akayasoma kama mtu aliyenyonyeshwa Venisi, na hali treni yenyewe hajawahi kuipanda. Alhamisi jioni, kabla ya taarifa ya habari, kipindi kinaingia hewani.

Miezi ya mwanzo Mkasi hakuuona upweke. Picha zikiwa bado mbichi zina mambo ambayo mtazamaji haletewi, na katika hizo mumewe alikuwa akimsemesha kutoka nyuma ya kamera. Mkasi, subiri hapo, kuna mwanga unakuja. Mkasi, kata kabla ya huyo mwenye kofia. Akikohoa, alimwomba radhi. Mkasi alikaa peke yake mbele ya mashine akimjibu kwa sauti, kisha akayafuta maneno yote ya mumewe ili watu wabaki na kengele za kanisa na maji yanayoruka uwanjani. Fundi mitambo wa chumba cha pili alikuwa akimsikia kupitia ukutani, akadhani mwenzake ameshika dini.

Halafu maneno yakapungua. Kwanza likakosekana jina lake. Kisha ikawa ni pumzi tu. Wiki moja picha zikaja zimetulia tuli, kamera imesimamishwa kwenye miguu yake mitatu, hakuna anayepumua nyuma yake. Mkasi akapandisha sauti hadi mwisho. Akasikia njiwa.

Siku iliyofuata mume akapiga simu. Alizunguka sana kabla ya kufika: akauliza mvua, akauliza feni. Mwishowe akasema amepata kazi kwa mpiga picha za harusi, amepata na mtu wa kuishi naye, na huku hatarudi. Asimsubiri. Picha nazo zile alizotuma ndizo, hatatuma tena. Mkasi akamuuliza, na mama je? Hapo mwanamume akachoka ghafla.

"Mwambie wewe," akasema. "Wewe unajua kuongea naye."

Mkasi hakumwambia. Maneno aliyakosa, ni kweli, lakini hofu yake ilikuwa nyingine. Mama mkwe ni mama wa mume. Mume akijitoa, mama anakuwa wa nani? Mamake mwenyewe alikuwa amemzika kabla ya kuolewa. Wifi yake, binti pekee wa yule mama, aliishi mji mwingine, na siku zote alikuwa anatafuta sababu ya kumchukua mzazi wake. Neno moja likitoka, wifi atafika na gari, na jioni Mkasi atafungua mlango wa nyumba isiyo na mtu wa kumuuliza mbona umechelewa. Duniani pote yule mama ndiye peke yake aliyekuwa akimwita mwanangu.

Basi akaamua kipindi kiendelee. Kipindi kikiwepo, mume yuko safarini. Kikikatika, mume ameondoka.

Picha zilizobaki zilikuwa chache, akazivuta kama mtu anayevuta blanketi fupi limfike miguuni. Akazipunguza mwendo. Watu waliokuwa wakiikimbilia treni sasa wakaiendea kama maharusi. Daraja moja akaligeuza, kushoto kukawa kulia, akapata daraja la pili. Mabango ya maduka yakasomeka kinyumenyume, akayatia ukungu, na mtangazaji akasoma bila wasiwasi kwamba mji huo unasifika kwa ukungu wake wa asubuhi. Njiwa wakaruka kama wanaogelea. Mzee mmoja mwenye mbwa alipita Roma, akapita Napoli, akapita na Milano, koti ni lile lile.

Watazamaji wakapenda. Walipiga simu kituoni kusema Italia ni nchi ya watu wastaarabu, hawana papara. Mmoja alisema presha yake inashuka kila Alhamisi. Mkuu wa kituo akamwita Mkasi ofisini, akampongeza, akamuuliza bwana anarudi lini wamwandalie tafrija kidogo. Mkasi akasema miji bado ni mingi. Akarudi chumbani kwake, akakaa kwenye kiti cha mumewe, kisha akahamia chake. Feni siku hizi ilikuwa yake yote. Aliielekeza ukutani.

Chakula cha mchana alikila hapo hapo kwenye mashine, mkono mmoja kijiko, mkono mmoja kipanya, akiwarudisha nyuma watu na kuwapitisha tena. Ilifika mahali akawajua. Yule msichana wa baiskeli alimjua mpaka namna anavyokunja midomo kabla ya kona. Wao hawakumjua. Na wa kumweleza hakuwepo, maana ukimwambia mtu jambo kama lile, litafika nyumbani kabla yako.

Huko nyumbani, kila Alhamisi mama alivaa gauni la kutokea, akajipaka mafuta usoni, akakaa mbele ya televisheni. Siku za mwanzo Mkasi alimtania kwamba hao wa Italia hawamwoni. Mama akamjibu kwamba akili zake anazo, hilo analijua. Lakini anayeshika kamera ni mwanawe, na mtoto asije akamkuta mama yake amevaa nguo za jikoni. Na walikuwa na mchezo wao. Mama anatega huku anachambua mchele, Mkasi akishindwa anatoa mji, na tangu kipindi kianze mama alikuwa hapokei tena miji ya humu nchini. Roma ilikuwa yake, Napoli yake, na Milano nusu. Nusu ya pili alimwachia mkwewe, asije akakosa pa kulala.

Alhamisi moja mama akatazama kwa muda, kichwa ameinamisha upande.

"Mwanangu, mbona watu wa Italia siku hizi wanatembea polepole?"

Mkasi akasema huenda ni joto.

"Wamevaa makoti."

Mkasi akaanza kukusanya vikombe.

"Na huyo mzee wa mbwa. Juzi hapa alikuwa Roma, leo yuko Napoli. Kwa mwendo ule kafikaje?"

Mkasi akacheka, lakini kicheko kilimtoka kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Umenishinda, mama. Nakupa Venisi."

Mama akaipokea Venisi. Ila hakusimulia alivyokwenda wala alichokikuta huko, naye siku zote alipenda kusimulia kuliko kushinda. Alizima televisheni, akaenda kubadili nguo.

Tangu jioni ile akapoa. Vitendawili vikakoma. Sahani yake ikawa inarudi jikoni na chakula. Mkasi alijiambia ni uzee, kisha akajiambia ni hali ya hewa. Wanawake wawili wakawa wanapishana kwenye ukumbi kama wapangaji, wakiulizana kama chumvi ipo. Usiku Mkasi alisikia kitanda cha upande wa pili kikilia mtu akigeuka, akadhani mama anaota.

Mpaka picha zikaisha kweli. Wiki ile Mkasi alifungua hata vipande alivyokwisha kuvitupa, akapata kimoja: mumewe alikuwa ameiweka kamera chini kando ya njia akasahau kuizima. Sura ya mtu haimo. Ni mawe ya barabara na miguu ya watu inapita. Maneno ya kuandika yakamkataa, akamwambia mtangazaji anyamaze wiki hii, watu wasikilize mtaa. Kisha akaipunguza picha mwendo, akaipunguza tena, mpaka mashine ikagoma. Mtu wa mtaa ule akiinua mguu, ungeweza kumaliza kikombe cha chai kabla hajautua.

Siku hiyo hakubaki kituoni kama Alhamisi za karibuni. Alirudi nyumbani mapema, atazame na mama.

Alimkuta amevaa gauni lake kama kawaida, lakini viatu vilikuwa vya safari, na kando ya kiti kulikuwa na begi limefungwa zipu. Mkasi akaliona, akakaa bila kuuliza. Kipindi kikaanza. Miguu ikapita. Mama alitazama mpaka jina la kampuni ya safari lilipotokea mwishoni, kisha akamwambia Mkasi kwamba wifi yake anakuja Jumamosi.

 Mkasi akajua kuna aliyesema. Labda mume mwenyewe, labda mkuu wa kituo amenusa jambo. Akauliza kwa sauti ndogo kama mama anahamia huko moja kwa moja.

Wala. Mama hakuwa anahamia kwa binti yake. Binti yake anakuja kumsaidia kutafuta hati ya kusafiria na mtu wa kumwonyesha njia ya ndege. Begi aliwahi kulifunga mwenyewe ili wasije wakampangia nguo za kitoto.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Huko huko. Namfuata mwanangu nikamuuguze."

Mkasi hakuelewa, na uso wake ukaonyesha.

"Mkono wa mtoto wangu naujua," mama akasema. "Alipokuwa na nguvu zake, watu walitembea. Mkono ukaanza kuchoka, na watu wakachoka nao. Leo hata kuinyanyua kamera hawezi, ameilaza chini. Anaumwa sana, na wewe unanificha. Sikulaumu, najua unanionea huruma. Lakini miezi yote hii kila nikizima taa namwona amelala kwenye kitanda cha watu, na hana wa kumpa maji."

Mkasi akatazama begi, akatazama vile viatu vilivyofungwa kamba mara mbili. Kumbe wakati yeye anaipunguza mwendo kila hatua ili asibaki peke yake, mwenzake nyuma ya ukuta alikuwa anamzika mtoto wake kila usiku, naye pia peke yake. Taarifa ya habari ikaanza, watu wakaanza kwenda mbio kwenye kioo. Akapunguza sauti hadi ikaisha.

Alishuka kitini, akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama. Akashika kamba ya kiatu, akaanza kuifungua. Mama hakuuvuta mguu, lakini hakuulegeza pia.

"Nilikuuliza mbona wanatembea polepole," akasema mama juu ya kichwa chake. "Hukunijibu. Sasa nakuuliza tena."

Mkasi akaiacha kamba.

"Mwanao ni mzima, mama. Mkono wake hauna kitu. Ni mimi ninayewazuia wale watu njiani. Nawazuia kwa sababu wakishapita hao, nyuma yao hakuna wengine. Picha hatumi tena, na hapa harudi."