Kuiangusha Ili Iamke

Kompyuta ndogo ya zahanati ile ya Bweyeye ilikuwa na kazi moja: kufuatilia joto la friji ya chanjo, na friji ikipata joto, kumtumia muuguzi Dative ujumbe. Lakini kiini cha mfumo wake, programu kuu inayoiendesha, kikianguka, iliganda tu. Haizimiki, haiamki. Mwezi uliopita iliganda hivyo, simu ya Dative ikakaa kimya, naye akadhani mambo ni salama. Chanjo zote zikaharibika.

Ndiyo maana fundi Balagizi alipanda kutoka Kamembe.

"Nimeipa agizo," alisema. "Ikianguka, ingoje sekunde kumi, ijiwashe yenyewe. Imebaki kuiangusha tuone."

"Kuiangusha?" Dative alijiweka mbele ya meza kama mtu anayezuia mbuzi asiingie shambani. "Papa Balagizi, banamama batakuja kesho na batoto mugongoni. Mashine ikikufa, weye utakuwa kwako unakula samaki ya sambaza. Miye nitabaambia nini?"

"Heri ikatae leo nikiwa hapa, Maman."

Akabonyeza vitufe vya kuigandisha makusudi. Maandishi yakajaa kwenye skrini, yakasimama. Balagizi akahesabu hadi kumi. Halafu skrini ikawa nyeusi, ikawaka upya.

Dative akapiga makofi. "Enda sasa! Mvua inakuja, gari litakwama."

Nje, Ghislain, dereva aliyemleta, alikuwa keshaanza kupiga honi. Balagizi alifika mlangoni, akasimama. Mashine imeamka, sawa. Na agizo lake, limeamka nayo?

Akarudi, akaiangusha tena.

Sekunde kumi zikapita. Kumi nyingine. Maandishi yaleyale, hayatikisiki.

"Umeiua," Dative alinong'ona.

"Haijafa. Mjinga ni mimi. Niliiambia kwa mdomo tu, ilipojiwasha ikasahau. Sikuliandika agizo kwenye faili ambayo mashine huisoma kila ikiamka."

Akaizima kwa nguvu, akaiwasha, akaandika lile agizo ndani ya faili, akaifanya mashine ilisome papo hapo. Vidole vilikosea, akafuta, akaandika tena. Akaiangusha. Ikaamka. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola, akafunga begi.

Honi ililia tena, ndefu, na matone ya kwanza yakagonga bati.

Dative hakupiga makofi safari hii. Aliufunga mlango, akauegemea.

"Mara ya kwanza pia iliamka, Papa. Angusha tena."